Charlot, mtoto wa Hannah

Wengi wetu tunamfahamu Charlot kwa sura. Ni yule mtu mfupi wa filamu za zamani, mwenye kofia ndogo nyeusi, masharubu mafupi, koti linalombana, suruali pana kama gunia na viatu vikubwa kupita miguu yake. Anatembea akizungusha fimbo, anaanguka, anainuka, anakimbizwa na polisi, na hatusikii hata neno moja kutoka kinywani mwake. Watoto wetu wakimwona kwenye simu wanacheka palepale, bila kuuliza anasema lugha gani. Jina hilo la Charlot tulilipata kwa wanaosema Kifaransa. Kwao Uingereza aliitwa Charles Chaplin, na watu walipenda kumwita Charlie.

Juma hili tunawaeleza maisha yake. Tutaanza na mama yake, Hannah, kwa sababu mengi ambayo dunia ilicheka kwayo, mtoto huyu aliyapata kwanza kwa mama huyo, ndani ya chumba kimoja cha kupanga.

Mama aliyeimba

Charles Spencer Chaplin alizaliwa London, mwezi wa nne mwaka 1889. Wazazi wake wote wawili walikuwa watu wa jukwaa. Wakati huo redio na televisheni hazikuwapo. Jioni watu wa London walikwenda katika kumbi za starehe kusikiliza nyimbo na kutazama vichekesho na dansi. Baba yake, aliyeitwa Charles pia, alikuwa mwimbaji mwenye jina. Hannah naye aliimba, na jukwaani alijiita Lily Harley. Alikuwa na mtoto mwingine wa kiume, Sydney, aliyemzidi Charlie miaka 4.

Ndoa yao haikudumu. Baba alishikwa na pombe, akaondoka, na pesa za kulea watoto zikawa za kubahatisha: leo zinafika, kesho hazifiki. Hannah akabaki na watoto wake na sauti yake. Kisha hata sauti ikaanza kumkatika.

Charlie mwenyewe alisimulia kwamba alipokuwa na miaka 5, katika mji wa Aldershot, sauti ya mama yake ilipotea usiku mmoja mbele ya watu. Askari waliojaa ukumbini wakaanza kumzomea. Msimamizi, kwa kukosa la kufanya, akamshika mtoto mkono na kumpandisha jukwaani badala ya mama. Charlie akaimba. Watu wakamtupia sarafu. Akakatisha wimbo, akawaambia kwamba ataokota pesa kwanza, halafu atamaliza. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Usiku huo mtoto alianza kazi yake, na mama hakurudi tena kuwa mwimbaji kama zamani.

Cherehani na dirisha

Tangu hapo Hannah akawa mshonaji. Alishona nguo za watu kwa malipo madogo, akiinama juu ya cherehani hadi usiku huku kichwa kikimuuma. Walihama chumba hadi chumba, kila mara wakienda kwenye chumba kidogo zaidi, kwa sababu ya kodi. Nguo alizovaa jukwaani aliziuza moja moja. Mwisho cherehani yenyewe ikachukuliwa kwa kukosa kulipa deni lake. Mama anayeishi kwa cherehani, au kwa meza ya kuuza sokoni, hahitaji kuelezwa maana ya siku hiyo.

Lakini Hannah hakuacha kucheza na watoto wake. Alikaa dirishani akitazama wapita njia, kisha akawaonyesha watoto kila mmoja alivyotembea. Huyu, angesema, ametoka nyumbani baada ya kugombana na mkewe. Tazameni viatu vyake havikusafishwa. Yule anakwenda kununua mkate, lakini anaona haya. Mikono yake, macho yake, mabega yake yalisema kila kitu. Siku moja Charlie alipokuwa na homa, mama alimsomea habari za Injili na kuziigiza, mtu mmoja baada ya mwingine, hadi mtoto akalia. Alipokuwa mtu mzima, Chaplin alirudia mara nyingi kwamba mwalimu wake wa kwanza katika kazi hii alikuwa mama yake.

Sisi walimu tulifundishwa kwamba somo la kwanza la mtoto ni kutazama vizuri. Hannah hakuwa na ubao wala chaki wala kitabu cha picha. Alikuwa na dirisha. Tunawaeleza hili kwa sababu tunasikia akina mama wengi wakisema hawana cha kumfundisha mtoto kwa kuwa hawakumaliza shule. Mama anayemsimulia mtoto hadithi wakati wa kupika sombe, anayemuuliza ameona nini njiani, tayari anamfundisha.

Nyumba ya maskini

Mwaka 1896 Hannah alishindwa kabisa. Wakati huo, mtu aliyekosa chakula na pa kulala huko Uingereza alipelekwa katika nyumba ya maskini ya serikali. Humo alipewa chakula na kitanda, lakini alifanya kazi, alivaa nguo za nyumba hiyo, na mama alitenganishwa na watoto wake siku ileile. Charlie alikuwa na miaka 7. Yeye na Sydney walipomwona mama yao tena baada ya siku kadhaa, walimwona amevaa nguo za maskini, amezeeka ghafla.

Baadaye watoto walipelekwa Hanwell, nje ya mji, kwenye shule ya watoto maskini. Huko kulikuwa na chakula, na kulikuwa na fimbo pia. Charlie alipopata mapunye alinyolewa kichwa chote na kupakwa dawa ya rangi, na watoto wengine wakamkimbia. Alijifunza kuandika jina lake, Chaplin, na alieleza kwamba aliliona jina hilo zuri.

Kuna siku moja ya mwaka 1898 ambayo tungependa kila mama aijue. Watu hawa watatu walikuwa wamerudi mikononi mwa nyumba ya maskini. Hannah akajulisha wakubwa kwamba anatoka pamoja na watoto wake, kama sheria ilivyomruhusu. Watoto wakaletwa, wakarudishiwa nguo zao, wakatoka wote watatu. Hawakuwa na mahali pa kwenda. Walikwenda katika bustani ya watu wote ya Kennington. Sydney alikuwa na senti chache. Wakanunua matunda madogo yaitwayo cheri, wakayala kwenye benchi. Wakafinyanga mpira wa karatasi za gazeti na kucheza. Mchana wakanywa chai na kipande cha keki. Jioni Hannah akawaambia twendeni, tutafika kwa wakati wa chakula. Wakarudi mlangoni, wakaandikishwa upya kama wageni, na wakubwa wa nyumba wakakasirika kwa kazi yote ya kuwapokea tena. Huyo mama hakuwa na nyumba, hakuwa na pesa, hakuwa na mume. Alitafuta njia ya kuwapa watoto wake siku moja ya kukaa na mama yao, akaipata.

Njaa ya mama

Muda mfupi baadaye akili ya Hannah iliyumba, akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Akapona kiasi, akatoka. Baba wa Charlie alifariki mwaka 1901, akiwa na miaka 38 tu, kwa sababu ya pombe. Mwaka 1903 ugonjwa ukamrudia Hannah. Sydney alikuwa baharini, akifanya kazi kwenye meli. Charlie, mwenye miaka 14, alikuwa akirudi nyumbani alipoambiwa na watoto wa jirani kwamba mama yake amepatwa na wazimu. Alikuwa amegonga milango ya majirani akiwagawia watoto wao vipande vya makaa ya mawe, akisema ni zawadi za siku yao ya kuzaliwa.

Mtoto akamshika mama yake, wakatembea polepole hadi hospitali. Mama aliyumba kwa udhaifu, na njiani watu walimtazama kama mlevi. Daktari alimpima akasema kwamba mama huyu amekosa chakula. Miaka mingi, kidogo kilichopatikana kilikwenda kwenye sahani za watoto. Baadaye Hannah alimwambia mwanawe kwamba lau kungekuwa na kikombe cha chai mchana ule, hangeugua. Charlie hakusahau neno hilo maisha yake yote.

Tusimame hapa kidogo. Waganga wa leo wameandika kwamba huenda kulikuwa na ugonjwa mwingine pia katika mwili wa Hannah, na njaa peke yake haielezi kila kitu. Lakini njaa ilikuwapo, na hakuna jirani aliyeiona kabla ya makaa ya mawe. Katika mitaa yetu, mama akianza kusema peke yake au kufanya mambo yasiyoeleweka, mara nyingi tunatafuta kwanza aliyemroga. Wengine humshtaki mtoto wa nyumba hiyo. Ni vizuri tuanze na maswali mepesi: mama huyu amekula lini? Analala usiku? Anaumwa nini? Kisha tumsindikize kwenye kituo cha afya, kama Charlie alivyomsindikiza mama yake. Na tabia yetu ya kuhesabu sahani za wote na kuisahau yetu, tuiangalie tena. Watoto wa Hannah walimpoteza mama yao mara kadhaa angali hai.

Mtoto asiyejua kusoma

Charlie alikuwa ameanza jukwaa mapema, akicheza dansi ya viatu vya mbao katika kundi la watoto. Baada ya mama kulazwa mwaka 1903, alipata nafasi ya kuigiza kijana mtumishi katika mchezo wa Sherlock Holmes, kwa mshahara wa paundi 2 na nusu kwa juma. Alipopewa maandishi aliingiwa na hofu, akiomba wasimwambie asome mbele yao, kwa sababu alikuwa hajui kusoma vizuri. Sydney aliporudi alimsomea sentensi moja moja nyumbani, naye akazishika zote kichwani kwa siku 3. Shule alizobadilisha kwa ajili ya umaskini zilimwacha hivyo. Kusoma kwa raha alikupata ukubwani, kwa juhudi zake.

Mwaka 1908 Sydney alimwingiza katika kundi la Fred Karno, bwana wa vichekesho vya vitendo. Huko Charlie alijulikana kwa kuigiza mlevi. Watu waliangua vicheko, na wachache tu walijua mtoto huyu alimjifunzia mlevi wapi. Kundi lilimpeleka Marekani mwaka 1910, na tena mwaka 1912. Mwishoni mwa 1913 kampuni ya filamu ya Keystone ikamwajiri kwa dola 150 kwa juma.

Filamu bila sauti

Filamu za siku zile hazikuwa na sauti. Picha zilikwenda, mpiga piano alipiga muziki ukumbini, na mara kwa mara maandishi mafupi yalitokea kueleza jambo. Mwezi wa pili mwaka 1914, Charlie alitokea kwa mara ya kwanza na mavazi tuliyoyaeleza juu: suruali pana na koti dogo, kofia ndogo na viatu vikubwa. Alimfanya maskini anayejaribu kutembea kama bwana. Hana kitu, lakini anavua kofia kuwasalimu wanawake, na anapangusa meza ya kuombaomba kana kwamba ni meza ya hoteli.

Kwa kuwa hakusema, kila taifa lilimwelewa. Miaka 2 baadaye, mwaka 1916, kampuni ya Mutual ilimpa mkataba wa dola 670,000 kwa mwaka. Mwaka 1919 yeye na wenzake Mary Pickford, Douglas Fairbanks na D. W. Griffith walianzisha kampuni yao wenyewe, United Artists, ili wasitegemee matajiri wa kusambaza filamu. Wanawake wa likelemba wataelewa wazo hilo: anayeshika mfuko wake mwenyewe ndiye anayepanga kazi yake.

Mwaka huohuo wa 1919 mtoto wake wa kwanza alifariki akiwa na siku 3. Muda mfupi baadaye Charlie akaanza kutengeneza filamu The Kid, iliyotoka 1921. Mama maskini asiye na mume anamwacha mtoto wake mchanga. Charlot anamwokota na kumlea katika chumba cha juu chini ya paa. Mtoto anapofika miaka 5, watu wa serikali wanakuja na gari kumpeleka kwenye nyumba ya yatima. Mtoto analia akinyoosha mikono, na Charlot anakimbia juu ya mapaa ya nyumba hadi amnyakue. Mtu anayejua habari za Hanwell akiitazama sehemu hiyo, anajua inatoka wapi.

Mtoto aliyeigiza ndani yake, Jackie Coogan, alipata pesa nyingi sana kwa filamu zake. Alipofika utu uzima aligundua kwamba mama yake na baba wa kambo walikuwa wamezitumia karibu zote. Mwaka 1938 aliwashtaki mahakamani, akapata sehemu ndogo tu. Kwa sababu yake, jimbo la California lilitunga sheria mwaka 1939 ya kulinda mapato ya watoto waigizaji. Tunaposema mtoto anasaidia nyumba kwa kuuza karanga au maji barabarani, tujiulize pesa hiyo inarudi kwake kwa njia gani: daftari, karo, au hakuna kitu?

Upande usiopendeza

Hatutaficha upande mwingine. Mwaka 1918 Charlie alimwoa Mildred Harris, msichana wa miaka 16. Mwaka 1924, yeye akiwa na miaka 35, alimwoa Lita Grey, naye wa miaka 16. Ndoa zote mbili zilivunjika kwa uchungu. Umaarufu wake ulifanya wengi wafumbe macho. Kwetu, sheria ya mwaka 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kumwoza aliye chini ya miaka 18, hata kama anayemtaka ana gari, dola na jina kubwa. Kipaji cha mtu hakifuti kosa lake, na binti zetu wasikie hivyo kutoka kwetu.

Nyumba karibu na bahari

Pesa zilipoanza kupatikana, Charlie na Sydney walimlipia mama yao nyumba ya matunzo Uingereza. Mwaka 1921 walimleta California, wakampangia nyumba karibu na bahari pamoja na watu wa kumhudumia. Siku nyingine alikuwa mzima na mcheshi, siku nyingine ugonjwa ulimrudia. Alifariki mwezi wa nane mwaka 1928.

Wakati huo filamu zenye sauti zilikuwa zimeanza, na waigizaji wengi wa filamu za kimya walikosa kazi. Charlie alikataa kumpa Charlot sauti. Mwaka 1931 alitoa City Lights, habari za Charlot na msichana kipofu muuza maua, bila mazungumzo, na watu wakajaa kumbini. Modern Times ikafuata mwaka 1936. Aliposema kwa mara ya kwanza katika filamu nzima, ilikuwa mwaka 1940 katika The Great Dictator, akimpinga Hitler. Msichana maskini anayehutubiwa mwishoni mwa filamu hiyo alimpa jina: Hannah.

Mwaka 1952, akiwa safarini, Marekani ilimfungia mlango kwa sababu za siasa. Alihamia Uswisi na mkewe Oona na watoto wao, akaishi huko hadi alipofariki tarehe 25 Desemba 1977, akiwa na miaka 88. Marekani ilikuwa imemwita tena mwaka 1972 kumpa tuzo ya heshima, na watu walisimama wakampigia makofi kwa dakika nyingi.

Ya kuzungumzia katika vikundi

Tunawaomba mpate nafasi katika kikao kijacho kwa maswali haya matatu. Katika mtaa wetu, ni mama gani anayepika kila siku ila hatujamwona akila, na kikundi kinaweza kumfanyia nini juma hili? Mama akilazwa, watoto wake wanakaa kwa nani, na je, tumekubaliana mapema? Kila mmoja wetu amemfundisha mtoto wake nini mwezi huu bila kitabu?

Na mkimpata kijana mwenye filamu ya The Kid kwenye simu yake, itazameni pamoja na watoto. Hakuna haja ya mfasiri.